Barua ya Wazazi Kumi na Mmoja

Alikuwa akinitabasamia mpaka niliposoma jina la mwanawe.

Alhamisi alasiri, mazoezi yamekwisha. Wasichana kumi na watano wamejitupa kwenye nyasi, wanakunywa maji na kusukumana, nami nimesimama mbele yao na karatasi ya kikosi cha fainali. Wazazi waliokuja kuwachukua watoto walikuwa nyuma ya uzio wa waya. Yeye alikuwa wa mwisho upande wa kulia, ovaroli ya kazini ameivua nusu na kuifunga mikono yake kiunoni, vidole ameviingiza kwenye matundu ya waya, macho yote kwangu. Tulikuwa na miezi minane ya mapenzi, na bado akiniangalia vile nilikuwa nasahau nilichotaka kusema.

"Mrushaji," nikasoma, "Chiriku."

Chiriku aliruka kama aliyekalia siafu. Huyo ni mtoto anayeongea hata akiwa na maji mdomoni. Siku hiyo alikosa neno.

"Mdakaji, Kijiti."

Kijiti, miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, mwili usio na nyama hata ya kumpa mbu, aliinamisha kichwa haraka ili wenzake wasimwone anavyotabasamu. Mimi nilimwona. Baba yake hakumwona, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, na tabasamu lake lilikuwa limemkauka mdomoni kama plasta.

Kwa asiyeujua mchezo wetu wa softiboli, mrushaji husimama katikati ya uwanja, ndani ya duara, kila mtu anamwona, akaurusha mpira kwa mkono wa chini kumwelekea mpigaji mwenye kigongo. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, uso wake ndani ya kinyago cha chuma, akaudaka. Mmoja hupigwa picha, mwingine hupigwa na mipira. Wazazi wote duniani wanataka mtoto wao awe wa kwanza.

Baba yake Kijiti watu walimwita Fundi Lifti, nami nilimwita Fundi. Nilimjua siku lifti ya jengo letu iliponikwamisha kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nimebeba trei yenye taya saba za plasta. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Sauti yake ikatoka juu: "Uko peke yako humo ndani?" Nikajibu, "Hapana, tuko wanane, ila wenzangu hawana la kusema." Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Aliponifungulia mlango na kuona zile taya alicheka tena, akazibeba mwenyewe mpaka karakana yetu, ghorofa ya nne. Alikuwa amefiwa na mke miaka mitano nyuma. Alikuwa na binti mmoja, na binti mwenyewe kumbe namfundisha mimi. Sasa tulikuwa tumefika mahali pa kuulizana harusi iwe kabla au baada ya likizo ya shule.

Watoto walipoondoka, alibaki kwenye uzio. Kijiti alikuwa ameshaingia kwenye gari.

"Kocha," aliniita. Kwa kawaida aliniita hivyo akinitania. Siku ile hakukuwa na utani.

"Sema, Fundi."

"Umekosea kusoma, au mimi masikio yangu ndiyo yana matatizo?"

"Sijakosea."

"Mwanangu ni mrushaji."

"Mwaka jana alirusha kwa sababu hatukuwa na mwingine. Sasa yupo Chiriku. Nimehesabu. Mipira ishirini, Chiriku anaingiza kumi na sita. Kijiti anaingiza tisa."

"Akipewa moyo je?"

"Akipewa moyo anaingiza saba."

Hakucheka. Alikung'uta kutu ya waya kwenye vidole vyake.

"Tangu tuanze, nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi."

"Basi leo nakuomba. Mchezo mmoja tu. Mama yangu amewaalika ndugu wa marehemu waje wamwone mtoto anarusha. Unajua mama yake alikuwa nani kwenye uwanja huu. Mwaka wa tano huu. Nataka nimwone pale, mara moja tu, halafu mpange unavyotaka."

Nilijua mama yake alikuwa nani. Picha yake ilikuwa sebuleni kwa Fundi na nyingine sebuleni kwa mama yake Fundi: mwanamke mrefu, mkono uko nyuma, mpira unakaribia kutoka. Sikuwahi kumwonea wivu yule mwanamke. Nilikuwa namheshimu hata kwenye picha.

Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Nikafunga mdomo.

Wiki tatu kabla ya hapo, Kijiti alinifuata kwenye stoo ya vifaa. Alichukua kinyago cha mdakaji akaanza kukifuta kwa fulana yake, kinyago ambacho tayari kilikuwa kisafi.

"Kocha, nikuambie kitu, usimwambie baba?"

"Kama ni kitu cha kukudhuru, nitamwambia. Kingine chochote, nakusikiliza."

"Sitaki kurusha tena."

"Mkono unauma?"

"Hauumi." Alikigeuza kinyago upande wa pili. "Nikisimama kwenye duara baba ananiangalia, lakini haniangalii mimi. Anamwangalia mama. Bibi naye vilevile. Nikikosea wanahuzunika kama vile amekufa tena, jana."

Nilikaa chini, juu ya begi la mipira.

"Nikivaa hiki," akakigonga kinyago, "hakuna anayemtafuta mtu mwingine. Nikidaka, nimedaka mimi."

"Mwambie baba yako hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Atalia, Kocha. Hujawahi kumwona baba akilia. Nitamwambia, naapa, fainali ikiisha. Wewe nipange tu kudaka, useme ni uamuzi wako."

"Ni uamuzi wangu. Unadaka kuliko wote niliowahi kuwafundisha."

"Kweli?"

"Mimi sijawahi kukudanganya."

Nikampa neno langu. Tena fikiria: hata ningelivunja, ningesema nini? Mwanamke anayetaka kuolewa na baba aende amwambie baba kwamba binti amechoka kufananishwa na marehemu? Nani angeamini kwamba maneno hayo yametoka kwa mtoto?

Kwa hiyo pale kwenye uzio nilimwambia Fundi, "Samahani. Kikosi hakibadiliki."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako. Nikimpanga Kijiti kwa sababu nakupenda wewe, Chiriku nitamwambia nini?"

Aliniangalia kwa muda. Nilitamani asogee, aweke mkono shingoni mwangu kama alivyozoea, aniambie nina kichwa kigumu. Alifungua mikono ya ovaroli kiunoni, akaivaa vizuri, akafunga zipu mpaka juu.

"Jumamosi Mama ametualika chakula cha mchana," alisema. "Usichelewe."

Mama yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Shule aliiacha, kengele hakuiacha. Jumamosi nilifika dakika kumi kabla. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua, sahani tano, glasi zimepangwa mstari mmoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo." Alinionyesha kiti kilichotazamana na picha ya marehemu.

Tulikula mpaka aliponiongezea nyama bila kuniuliza. Hapo nikajua nimekwisha.

"Nasikia mjukuu wangu umempa kazi ya kuchuchumaa."

"Ni udakaji, Mama. Mdakaji ndiye anayeongoza timu nzima. Anaona uwanja wote."

"Na wanaomtazama wanaona nini? Chuma." Alijifuta midomo. "Huyo mwingine, huyo Chiriku. Mama yake ni nani?"

"Anapiga pasi hotelini."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, Mama."

"Sasa unampendelea kwa lipi?"

"Kwa mpira, Mama."

Shemeji yangu mtarajiwa, mdogo wake Fundi, alikohoa akazamisha uso kwenye glasi. Mama hakumwangalia.

"Bibi," Kijiti alianza, "mimi mwenyewe—"

"Kula."

Mtoto alinitupia jicho. Akatikisa kichwa kidogo, hata nywele hazikucheza. Bado, alikuwa ananiambia. Usiseme bado. Nikaendelea kutafuna.

"Nikuulize, binti," mama akasema kwa sauti ya upole, ile sauti ya mwalimu aliyeshika fimbo nyuma ya mgongo. "Huyu angekuwa wa kwako, wa tumbo lako, ungemfunika uso siku ndugu zake wanakuja kumtazama?"

Nilimwangalia Fundi. Yeye peke yake alijua. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita madaktari walinitoa kizazi ili nisife, na nilimwambia hayo kabla hajatamka neno ndoa, kwenye benchi la bustani ya hospitali nilipomsindikiza kukagua lifti zao. Nilimwambia nikimtazama usoni ili nione kama atakimbia. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Tunaye mmoja. Anatutosha." Nilimpenda siku ile mpaka nikaogopa.

Sasa alikuwa anakata nyama. Aliikata vipande vidogo vidogo, kama ya kumlisha mtoto asiye na meno, na hakuinua macho.

"Ningempanga anapoweza, Mama," nilijibu.

"Haya." Alianza kukusanya sahani, sisi bado tunakula. "Mwanangu nilidhani amepata mke. Kumbe amepata refa."

Fundi alinisindikiza mpaka getini.

"Ungekubali tu pale mezani," alisema. "Ungemwambia sawa Mama, basi."

"Na wewe ungesema nini? Maana sikusikia sauti yako."

"Yule ni mama yangu."

"Najua. Na mimi ni kocha wa mwanao."

"Nilidhani wewe ni zaidi ya hapo."

Alisema hivyo akarudi ndani. Jumapili hakupiga simu. Nilisafisha nyumba mara mbili, simu ipo kwenye mfuko wa kanga, hailii.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa wazazi alikuja karakana. Ana duka la dawa, na huongea taratibu kama anayekusomea maelekezo ya vidonge. Binti yake naye yuko timu yetu, mvivu wa kukimbia, mkaaji wa benchi. Alisimama katikati ya meza za plasta na nta akitafuta mahali pasipo na vumbi pa kuweka bahasha.

"Si jambo kubwa, Kocha. Wazazi wana maoni."

Nikaifungua. Ilikuwa imechapwa kwenye kompyuta, ukurasa mmoja, sahihi kumi na moja. Aya ya kwanza ilinishukuru. Ya pili ilisema kikosi cha fainali kipitiwe na kamati. Ya tatu niliisoma nimesimama, halafu nikavuta kiti nikaisoma tena.

"Tunatambua pia kwamba Kocha, kutokana na hali yake ya kiafya, hana na hataweza kupata mtoto, na hivyo si rahisi kwake kuuelewa moyo wa mzazi anapomwona mwanawe akinyimwa nafasi."

Nikashuka kwenye sahihi. Ya kwanza ya mwenyekiti. Ya pili ya bibi yake Kijiti, kubwa, imenyooka. Ya tatu niliijua hata bila kusoma jina. Ilikuwa na mkia mrefu wa kushuka chini, ule ule anaouacha kwenye kadi ya ukaguzi kila anapomaliza na lifti yetu.

"Hii aya ya tatu kaiandika nani?"

"Tuliandika kwa pamoja."

"Watu kumi na mmoja mlishika kalamu moja?"

Alijikuna sikio. "Bibi yake Kijiti alitusaidia upande wa lugha."

"Mama yake Chiriku simwoni hapa."

"Hatukumpata."

"Anapiga pasi kwenye hoteli inayotazamana na duka lako. Asubuhi anapita mbele yako na jioni anapita mbele yako."

"Kocha, usiliweke moyoni. Hatukufukuzi. Tunachoomba ni kikosi tu, kamati ikipitie."

Nilivua filimbi shingoni. Huwa natembea nayo hata kazini, mazoea. Nikafungua droo nikatoa funguo za stoo na daftari la mahudhurio. Nikaviweka vyote juu ya bahasha yake.

"Basi kamati ikakae benchi," nikasema. "Wakumbushe watoto kunywa maji. Na Kijiti akipewa kurusha, mtazame uso wake, si mkono."

"Una maana gani?"

"Mtazame tu."

Alipoondoka nilimpigia Fundi. Iliita mpaka ikakata. Baada ya dakika kadhaa ukaja ujumbe: Tuongee fainali ikiisha. Nilikuwa na oda ya meno ya juu ya mama mmoja wa posta. Niliyapanga meno yote kumi na manne kwenye nta, moja moja, na nilipomaliza nikaona nimeyapanga yametazama ndani. Nikaanza upya.

Nilijiambia siendi fainali. Nilikwenda. Nilisimama upande wa wageni, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, kati ya wazazi wa timu pinzani waliodhani mimi ni mwenzao. Mmoja alinipa hata karanga.

Ng'ambo ya uwanja mama yake Fundi alikuwa amekaa chini ya mwavuli na ndugu wa marehemu, safu nzima, wamependeza. Mwenyekiti alikuwa amevaa filimbi yangu. Chiriku walikuwa wamemtupa mwisho kabisa wa uwanja, anakochezeshwa asiyejua kucheza. Na Kijiti alikuwa kwenye duara, uso wazi.

Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mpigaji. Wa pili ulidunda chini. Mrushaji akikosea mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu kwa miguu yake. Kijiti aliwatembeza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alipotembea, yule aliyekuwa mbele alisukumwa mpaka nyumbani, kituo cha mwisho, wakapata alama bila kugusa mpira.

"Tulia! Tulia!" mwenyekiti alipiga kelele, yeye mwenyewe hajatulia.

"Bega!" nilisema kwa sauti ndogo. "Shusha bega, mama." Yule mwenye karanga akanigeukia.

Ndipo bibi yake akasimama chini ya mwavuli. Sauti yake ilikuwa imezoea viwanja vya shule, haikuhitaji kipaza sauti. "Rusha kama mama yako!"

Niliuona mkono wa Kijiti ukishuka. Alirusha mwingine, na mwingine, machozi yanamwingia mdomoni, anayafuta kwa glovu. Alama mbili. Tatu. Tano. Mdakaji wao mpya, binti yake mwenyekiti, alikuwa amechoka kuikimbilia mipira, anaifuata akitembea. Kisha Kijiti aliuweka mpira chini, taratibu kabisa, kama mtu anayeweka yai, akakaa katikati ya duara na kuficha uso magotini.

Refa alisimamisha mchezo. Fundi alipita mlango wa uzio akaenda mpaka kwenye duara, akapiga magoti. Sikusikia waliyosema. Niliona mtoto akiongea, anaongea kwa muda mrefu, kichwa hakijainuka. Niliona mgongo wa Fundi ukianza kutikisika. Alikuwa analia, kama Kijiti alivyoniambia atalia, mbele ya wakwe na mwavuli na kila mtu.

Halafu akainua kichwa akaangaza upande wa wageni, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka akanipata. Sijui alijuaje kwamba nipo. Alinitazama kwa macho yale yale ya kwenye uzio, na mwili wangu, mjinga, ukataka kwenda. Miguu ilishapiga hatua moja. Nikaizuia. Nikamrudishia yule mzazi karanga zake, nikaondoka kabla mchezo haujaisha. Baadaye nilisikia walifungwa kumi na nne kwa mbili, na kwamba Chiriku aliporudishwa kurusha hakuna aliyempiga tena, lakini ilikuwa imeshaharibika.

Jumatano saa kumi alasiri alikuja karakana. Wenzangu walipomwona walikumbuka wote kwamba wana shughuli nje. Alisimama mlangoni na ovaroli yake, macho yamevimba.

"Karibu," nilisema. Sikumwonyesha kiti.

"Ameniambia kila kitu. Kwamba alikuomba."

"Ndiyo."

"Wiki tatu ulikaa nalo. Kwa nini hukuniambia? Mimi, jamani. Ningeelewa."

"Alisema atakuambia mwenyewe. Nilimpa neno langu."

"Hata nilipokuwa nakugombeza? Hata kwa Mama, pale mezani?"

"Hata pale."

Alikaa mwenyewe, kwenye kiti cha mteja, mikono katikati ya magoti. "Nimekosa. Nimekosa sana, mpenzi. Mama naye anajua amekosa, ila unamjua, mdomo wake haukuumbwa kusema samahani. Ile barua ni yeye aliyeiandika."

"Nani alimwambia Mama?"

Alipapasa zipu ya ovaroli. Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa maji kwenye sakafu, mlio mrefu.

"Sikumwambia kwa ubaya," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakutetea. Ulipoondoka siku ya chakula alikusema vibaya mno, kwamba una roho mbaya, kwamba utamtesa mtoto. Nikamwambia hapana, si roho mbaya. Nikamwambia hajazaa, hawezi kuzaa, ndiyo maana hajui. Nilitaka akuonee huruma."

"Ukafikiri hivyo kweli? Kwamba ndiyo maana sijui?"

"Nilikuwa na hasira."

"Fundi, barua uliisoma kabla ya kuweka sahihi?"

Angeweza kunidanganya. Nilimtazama nikitamani anidanganye, nikiwa tayari kabisa kumwamini. Lakini hakuwa mwongo. Hilo ndilo nililompendea.

"Niliisoma."

"Aya ya tatu?"

"Niliisoma. Nilimwambia Mama aitoe. Akasema bila hiyo barua haina nguvu. Kalamu ilikuwa mezani, watu wanasubiri..." Alijipangusa uso. "Niliisoma mara mbili."

Nilikuwa nimeshika kisu cha nta. Nikakiweka chini, sikutaka adhani nimekishika kwa hasira.

"Mwanao ana miaka kumi na mitatu," nikasema. "Alinipa siri yake kwenye stoo, nikaitunza mpaka ikanigharimu wewe. Mimi nilikupa yangu kwenye benchi la hospitali. Sasa hivi wazazi kumi wa timu wanajua nimetolewa nini tumboni. Yule wa duka la dawa jana ameniuzia panado akiniangalia kwa huruma."

"Nitakwenda kwa kila mmoja wao. Nitamwambia kila mmoja—"

"Utawaambia nini? Kwamba ni uongo?"

Aliinuka nusu, akakaa tena.

"Nitakusubiri," alisema. "Mwezi, mwaka. Ukiniambia nihamie mbali na Mama, nahama. Ukiniambia tuondoke mji huu—"

"Usinisubiri."

"Hunipendi tena?"

"Nenda, Fundi. Tafadhali. Mteja wangu anakuja saa kumi na moja."

Alisimama. Alifika mlangoni akageuka. "Kijiti yuko chini, kwenye gari. Ameniomba nikuombe umsalimie. Ukikataa nitamwambia una kazi."

Nilishuka. Alikuwa amesimama kando ya gari na sare ya shule, soksi moja juu moja chini. Baba yake alizunguka upande wa pili wa gari, akajifanya anakagua tairi.

"Shikamoo, Anti." Aliniita Anti nje ya uwanja.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Kamati wamesema msimu ujao nitadaka. Baba kawaambia."

"Vizuri sana. Fanya mazoezi ya magoti."

"Utarudi?"

"Sirudi."

"Kwa sababu yangu? Kwa sababu sikusema mapema?"

Nilimshika mabega yote mawili. "Sikiliza. Wewe hujafanya kosa hata moja. Ulisema ulipoweza. Mtu mzima akikuambia vinginevyo, hata bibi, usimsikilize."

"Basi ni kwa sababu ya baba."

Nilimwachia mabega. Alitazama chini, akapandisha ile soksi, akanitazama tena kwa macho ya baba yake.

"Bado unampenda?"

Ningeweza kumpa jibu la watoto. Lakini nilikuwa sijawahi kumdanganya, wala sikutaka kuanza siku ile.

"Ndiyo," nikasema. "Nampenda. Wala sirudi."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu mzima aliyepokea habari za msiba. Baba yake aliacha tairi, akaja akamfungulia mlango wa mbele. Kijiti alimpita bila kumtazama, akafungua wa nyuma mwenyewe, akaingia, akaufunga.